Mikono sita zaidi, tangi lile lile: uchambuzi wa kisa cha kujitolea kwenye shamba dogo la mlimani

Kisa hiki ni cha kaya moja iliyoko mguuni mwa milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, iliyowapokea watu watatu wa kujitolea wakati wa kiangazi. Jina la kijiji, majina ya watu na alama nyingine za kuwatambulisha zimeondolewa. Kimeandikwa kwa ajili ya kaya zenye ekari moja hadi tatu zinazofikiria kupokea watu wa namna hiyo, na kwa vijana wanaotaka kujifunza kilimo kwa kuishi shambani.

Hoja yake ni moja: kwenye shamba dogo, kinachopungua mara nyingi si watu wa kufanya kazi, ni maji na muda wa wenyeji. Anayekuja kujitolea huongeza mikono, lakini siku ya kwanza tu anaongeza pia mdomo na ndoo.

Hali ilivyokuwa

Shamba lina ekari moja na nusu, mteremko wa asilimia 20 hivi, yaani ukienda mita 10 umeshuka mita 2. Wenyeji ni mume na mke wenye watoto wawili wanaosoma. Wana mbuzi wanne, wawili wanakamuliwa, kuku 25, migomba, mahindi yaliyochanganywa na kunde, na bustani ya mita za mraba 30 ya mchicha, chainizi na figiri. Jikoni kuna jiko banifu la kuni. Mvua za eneo hilo ni vuli kuanzia Novemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Kati ya Juni na Oktoba hakuna cha kutegemea kutoka juu.

Maji yalikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni tangi la plastiki la lita 10,000 linalovuna mvua ya paa la bati. Paa lina mita za mraba 60, ila gata lilikuwa upande mmoja tu, kwa hiyo lililovuna ni mita 30. Njia ya pili ni bomba la kitongoji linalosimamiwa na kamati ya maji, dakika kumi kwa miguu kwenda, na kurudi kwa kupanda.

Matumizi ya kaya kabla ya wageni yalikuwa hivi: watu wanne kwa lita 20 kila mmoja ni lita 80 kwa siku, na hizo zilitoka tangini. Mbuzi na kuku walikunywa lita 30, bustani ilimwagiwa lita 4 kwa kila mita ya mraba, jumla lita 120, na hizo lita 150 zilitoka bombani. Mwanzoni mwa Julai tangi lilikuwa na lita 8,000. Kwa lita 80 kwa siku hizo ni siku 100, zinazofika wiki ya pili ya Oktoba. Kwa kaya ya watu wanne mpango huo ulikuwa mzuri.

Kuna jambo la historia linalosaidia kuelewa yaliyofuata. Miteremko hii ndiyo ambako serikali ya kikoloni ililazimisha ujenzi wa ngazi za mashamba miaka ya 1950, kazi ikawa ya shuruti, udongo wa chini usio na rutuba ukaletwa juu, na mwaka 1955 watu wakaandamana hadi ghasia zikazuka. Mpaka leo ukimwambia mzee wa huko habari za makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kuzuia mvua isibebe udongo, anataka kwanza kujua nani anachimba, kwa faida ya nani, na kwa malipo gani.

Mpango wa wenyeji

Walitaka mambo matatu kabla ya vuli: makinga maji manne ya fanya juu yenye urefu wa mita 32 kila moja, bustani iliyopanuliwa hadi mita za mraba 60 ili kuuza mboga, na mboji ya kutosha msimu wa kupanda. Mwaka uliotangulia kazi ya kuchimba waliifanya kwa kumlipa mzee jirani kwa ngwe, yaani kwa kipande cha kazi. Safari hii fedha haikuwepo.

Wakachagua utaratibu unaojulikana wa kubadilishana kazi kwa chakula na malazi, ule ulioenezwa na mtandao wa WWOOF ulioanzia Uingereza mwaka 1971. Masharti yao: saa 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki, chakula mara tatu, chumba na neti. Wakapata watu watatu, kijana na binti waliomaliza stashahada ya kilimo, na mwanamke mmoja kutoka Ulaya.

Hesabu waliyoifanya ilikuwa ya saa: watu watatu kwa saa 5 ni saa 15 kwa siku. Hesabu ya lita haikufanyika. Wala hakuna aliyejiuliza mama mwenye nyumba angetumia saa ngapi kuwapikia watu saba badala ya wanne. Wenyeji wengi wa mara ya kwanza huanzia hapo hapo, kwa sababu ukarimu wetu haupimi chakula wala maji ya mgeni, na kupima huonekana uchoyo.

Wiki nne za kwanza

Kazi ilianza kwa kishindo. Bustani ilipanuliwa kwa siku nne. Vijana walijenga matuta yaliyoinuka sentimita 25, kama walivyofundishwa chuoni na kama yanavyoonekana kwenye video nyingi. Tuta lililoinuka ni zuri masika, maana linatoa maji ya ziada. Kiangazi linakauka kwa pande tatu, juu na ubavuni kote kuwili. Kufikia wiki ya pili mboga zilikuwa zinanyauka saa sita hata baada ya kumwagiwa asubuhi, wakaongeza kumwagia jioni.

Marundo mawili ya mboji yalisimamishwa, kila moja la mita 1.2 kwa kila upande. Kipimo hicho ni sahihi, rundo dogo zaidi halishiki joto. Lakini mabua ya mahindi yaliwekwa mazima, samadi ya mbuzi ilikuwa imekauka, na rundo lilikuwa juu ya ardhi kwenye upepo. Kila moja lilinywa lita 300 siku ya kujengwa. Fimbo iliyochomekwa katikati ilitoka na uvuguvugu siku ya nne, na siku ya kumi ilitoka ya baridi na kavu. Mboji inataka unyevu kiasi kwamba ukikamua konzi moja mkononi yanatoka matone mawili matatu. Humo ndani hakukuwa na hata tone.

Jumlisha sasa. Watu watatu zaidi kwa lita 35 kila mmoja, kwa kuoga, kufua na kunywa, ni lita 105. Bustani maradufu ni lita 240. Pamoja na lita 80 za familia na 30 za mifugo, mahitaji yalifika lita 455 kwa siku. Bombani walikuwa wanateka ndoo 10, lita 200. Lita 255 zilizobaki zikawa zinatoka tangini kila siku. Ondoa lita 600 za marundo ya mboji kwenye zile 8,000, gawanya kwa 255, unapata siku 29.

Tangi lilikauka wiki ya kwanza ya Agosti.

Choo kilichojengwa kwa ajili ya wageni

Miezi michache kabla, wenyeji walijenga choo kikavu cha kutenganisha mkojo, chenye vyumba viwili vya chini vinavyotumika kwa zamu. Familia yenyewe iliendelea na choo chake cha shimo. Kile kikavu kilikuwa cha wageni, kwa dhana kwamba mtu anayekuja kuishi kwa kuhifadhi mazingira atataka choo cha aina hiyo.

Mchoro ulitoka kwa watu wanaotumia karatasi. Vijana wawili wa stashahada, kama watu wengi wa nchi hii, wanachamba kwa maji. Kila mmoja aliingia na kopo lake, na maji yakaenda kulekule kunakotakiwa kubaki kukavu. Ndani ya wiki mbili kulikuwa na harufu na funza wa nzi. Mgeni wa Ulaya akalaumu vijana, vijana wakaona aibu, wakaanza kwenda choo cha familia, foleni ya asubuhi ikawa ndefu.

Majivu nayo yaliisha. Kila anayekwenda haja kubwa anatakiwa kumwaga vikombe viwili, na jiko banifu linatoa majivu kidogo kuliko mafiga matatu.

Marekebisho hayakuwa magumu. Pembeni ya tundu la kujisaidia fundi alitengeneza sehemu ya tatu ya kunawia, bakuli dogo la saruji lenye mteremko, na bomba la inchi 2 linalopeleka maji kwenye shimo la kokoto lenye kina cha mita moja, likapandwa migomba kuzunguka. Mtumiaji anasogea hatua moja nyuma, ananawa hapo. Majivu yakachanganywa nusu kwa nusu na udongo mkavu uliochekechwa. Chumba kilicholowa kikafungwa, kikawekwa majivu mengi, na hakitafunguliwa kabla ya mwaka mzima kupita. Mkojo uliendelea kukusanywa kwenye dumu la lita 20 lenye mfuniko, ukatumika kwenye migomba na matete tu, sehemu moja kwa maji matano, ukimwagwa kwenye kijifereji na kufukiwa. Mboga za majani hazikuguswa.

Suala la kibali

Wiki ya tatu mwenyekiti wa kitongoji alipita, akauliza kwa adabu mgeni wa kigeni anafanya kazi gani pale. Wenyeji walikuwa wamemtambulisha kwake siku ya kwanza, na hilo liliwasaidia. Ila viza yake ilikuwa ya utalii, na viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, iwe ya mshahara au ya kujitolea. Raia wa kigeni anayekuja Tanzania kujitolea anahitaji kibali cha ukaazi, na daraja lake ni C, kinachoombwa kupitia taasisi inayompokea. Kaya ya watu binafsi si rahisi kuwa taasisi hiyo.

Wenyeji waliamua siku ileile kwamba asishike jembe tena. Alibaki kama mgeni wa kawaida kwa siku chache akilipia chakula chake, akaondoka mwanzoni mwa Agosti. Uamuzi ulikuwa sahihi, na ulipaswa kufanyika kwenye barua ya kwanza kabla hajakata tiketi.

Agosti: maamuzi baada ya tangi kukauka

Wakati huohuo bomba la kitongoji liliingia kwenye mgao, maji yakawa yanatoka kila baada ya siku moja, na kamati ikaweka kikomo cha ndoo 15 kwa kaya kwa kila siku ya maji. Hiyo ni wastani wa lita 150 kwa siku, kwa watu sita, mbuzi na bustani.

Hatua ya kwanza ilikuwa mbaya: waliwapunguzia mbuzi maji hadi nusu. Maziwa yalishuka kutoka lita 3 kwa siku hadi 2 ndani ya wiki moja, na mbuzi wakaacha kumaliza mabua makavu, maana chakula kikavu bila maji hakishuki. Baada ya siku kumi walirudishiwa maji yao kamili.

Ndipo wenyeji na vijana walipokaa chini ya mwembe na daftari. Mgawo ukaandikwa: watu sita kwa lita 15, jumla 90, mifugo 30, bustani 30. Bustani ikakatwa kutoka mita za mraba 60 hadi 15, na hizo 15 zikageuzwa kutoka matuta ya kuinuka kuwa ya kuzama, yaani kitanda kiko sentimita 15 chini ya njia, kingo zimeinuka, na juu yake matandazo ya majani makavu ya migomba unene wa vidole vinne. Kwa namna hiyo lita 2 kwa mita ya mraba zilitosha, zikimwagwa jioni kwenye shina. Mita 45 zilizoachwa zilikuwa na mboga karibu kukomaa. Wakazing'oa na kuwapa mbuzi. Kijana wa stashahada alipinga kwa siku mbili, na ni haki yake, ni yeye aliyezipanda.

Maji ya kunawa na kuosha vyombo yalipelekwa kwenye mboji. Marundo yote mawili yalibomolewa, mabua yakakatwa vipande vya urefu wa kiganja, yakahamishiwa kwenye shimo la kina cha sentimita 80 chini ya kivuli, kwa matabaka: mabua unene wa sentimita 20, samadi sentimita 5, majani mabichi ya mti wa lukina, kidogo cha udongo, maji, halafu tabaka jingine. Juu likafunikwa majani ya mgomba. Kiangazi shimo linashika unyevu ambao rundo linaupoteza. Masika mambo hugeuka, shimo hujaa maji na mboji huoza kwa harufu, ndipo rundo linapokuwa bora.

Nguo zilifuliwa mara mbili kwa mwezi kwa maji ya kununua yaliyoletwa na guta.

Jikoni

Mama mwenye nyumba alikuwa ameshasema kabla ya hapo, mwishoni mwa Julai. Hakugomba. Asubuhi moja alikuta kuni zimeisha na watu saba wanasubiri uji, akamwambia mumewe mbele ya wote, "Baba, hawa wamekuja kukusaidia wewe. Mimi nani ananisaidia?"

Tangu siku hiyo kupika, kuchota na kutafuta kuni viliingizwa kwenye saa 5 za kujitolea, kwa zamu, kijana wa kiume akiwemo. Maharage yakawa yanalowekwa usiku kucha, yanachemshwa kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria inafunikwa na kuingizwa kwenye kapu lililojazwa blanketi kuukuu hadi mchana. Yanaiva kwa kuni kama nusu ya zile za awali. Kuchemsha kwa nguvu mwanzoni hakurukwi, hasa kwa maharage mekundu, kwa sababu yasipochemka vizuri yanaumiza tumbo vibaya.

Makinga maji

Hapa ndipo kwenye somo la kiufundi, na panastahili kuelezwa taratibu.

Fanya juu ni mtaro unaochimbwa kufuata usawa wa kilima, yaani kontua, upana sentimita 60 na kina sentimita 60, udongo wake ukirushwa upande wa juu na kuwa tuta. Maji ya mvua yanashikwa nyuma ya tuta na ndani ya mtaro, miaka ikipita udongo unajaa na shamba linageuka ngazi lenyewe. Sharti lake moja kubwa ni kwamba mstari uwe sawa kabisa. Ukishuka, unakuwa umechimba mfereji.

Usawa walipima kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2 iliyofungwa juu, miguu ikiachana mita 1.8, mti wa kukingama katikati, na kamba yenye jiwe inayoning'inia kama timazi. Ili kupata alama ya usawa unasimamisha fremu, unaweka alama pale kamba inapokatiza mti wa kukingama, unageuza miguu ibadilishane mahali palepale, unaweka alama ya pili, na usawa wa kweli ni katikati ya alama hizo mbili. Walifanya hivyo, na mstari wa kwanza ulitoka vizuri.

Kisha mguu mmoja ulivunjika. Wakakata mti mwingine, ukawa mfupi kwa sentimita 4, wakaufunga, na kuendelea na alama ya zamani. Hilo peke yake lisingeharibu sana kama wangeitembeza fremu kwa namna inayotakiwa, mguu wa mbele ukibaki palepale na wa nyuma ukizungushwa kuja mbele. Ukifanya hivyo miguu inabadilishana zamu, na kosa la hatua moja linafutwa na hatua inayofuata. Lakini kwenye vichaka kuzungusha ni usumbufu, kwa hiyo waliibeba fremu nzima na kuisogeza mbele, mguu mfupi ukiwa upande uleule kila mara. Kila hatua ya mita 1.8 ikakosea kwa sentimita 4 kwa upande mmoja. Mita 32 ni hatua 18 hivi. Mstari wa pili na wa tatu ilishuka zaidi ya sentimita 70 kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa macho hakuna anayeona kitu hicho kwenye mlima.

Isipokuwa mzee jirani, yule aliyekuwa akilipwa ngwe. Septemba alisimama njiani, akatazama mtaro wa pili ukiwa nusu, akamwambia kijana, "Mwanangu, hapo mnachimba mfereji, si kontua." Habari ilimfikia mwenyeji jioni. Aliamua kuendelea, kwa sababu mbili. Wiki zilizobaki zilikuwa chache, na aliamini mzee anasema kwa uchungu wa kunyimwa kibarua. Uchungu ulikuwepo kweli, mzee huyo alikuwa ameshaacha kuwasalimia. Alichokisema kuhusu mtaro nacho kilikuwa kweli.

Vijana waliondoka mwisho wa Oktoba. Katikati ya Novemba ilinyesha milimita 50 alasiri moja. Eneo linalomwaga maji kwenye mtaro mmoja ni mita 32 kwa 8, mita za mraba 256. Milimita 50 hapo ni lita 12,800, na tukichukulia nusu inapenya ardhini, mtaro unapokea lita 6,400. Mtaro ulio sawa unabeba lita 11,500, nafasi tele. Mtaro ulioshuka hivyo hujaa mwisho wa chini tu, na kabla ya kufurika unabeba lita 4,900 hivi. Wa pili ulifurika, ukapasua tuta kwa upana wa mita moja na nusu, maji yakaingia wa tatu na kuupasua mahali palepale, yakaishia kwenye migomba na kubeba nusu ya udongo wa bustani. Mstari wa kwanza haukutikisika.

Matokeo

Daftari la kazi, ambalo mama alilitunza vizuri, linaonyesha siku za kazi 175 za saa 5. Kuchimba kulichukua siku 48 kwa mita 96, mita 2 kwa mtu kwa siku. Kuteka na kubeba maji siku 45. Jikoni na kuni 30, bustani 25, mboji 12, na mambo mengine 15. Chakula kilikuwa, kwa unga peke yake, gunia moja la mahindi. Mstari wa nne haukuguswa. Mboji ya shimoni iliiva Desemba, toroli 14. Mboga zilizouzwa hazikufidia mbegu.

Mzee jirani huchimba mita 6 kwa siku. Mita 96 kwake ni siku 16.

Uchambuzi

Ni rahisi kusoma takwimu hizo na kusema kujitolea hakufai. Si hivyo. Vijana wawili waliondoka wakijua kugawa maji, kujenga mboji ya kiangazi na kupima fremu, na binti ameshapima mashamba mawili ya ndugu zake. Kama lengo ni kufundisha, zile siku 48 ni darasa. Tatizo ni kwamba wenyeji hawakupanga darasa, walipanga kibarua cha bure, na kwa kibarua cha bure zoezi lilikuwa ghali.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la msimu. Kazi za kuchimba zinafaa kiangazi, ndiyo, lakini kiangazi ndipo kila lita ina mwenyewe. Robo ya nguvu kazi yote, siku 45, ilikwenda kubeba maji, na sehemu kubwa ya maji hayo yalihitajika kwa sababu ya watu hao hao na bustani waliyoipanua. Kwa lugha ya hesabu, mtu wa tatu hakuongeza chochote. Tangi lenye lita 8,000 na bomba la ndoo 10 vilikuwa vinamudu mtu mmoja zaidi, labda wawili, kama bustani ingebaki mita 30 na kuwekewa matandazo.

Kutoa kazi ya mzee kwa wageni bila hata kuzungumza naye ni kosa ambalo wenyeji walilitaja la mwisho, mimi ningeliweka la pili. Kijijini kibarua cha msimu ni sehemu ya ujirani. Kukiondoa kimyakimya kuliwagharimu macho yaliyokuwa yanajua kilima kile kuliko fremu yoyote.

Kilichofanikiwa ni uwazi wa Agosti. Kuandika mgawo wa lita mbele ya wote, wenyeji wakiwemo, kuliondoa manung'uniko kuliko semina yoyote, kwa sababu ndoo ya baba ilikuwa lita 15 kama ya mwingine. Zamu za jikoni nazo. Na choo, ambacho kilirekebishwa kwa kubadilisha choo badala ya kuwahubiria watu.

Yaliyofanyika baadaye

Kabla ya mwaka kwisha mwenyeji alimwendea mzee akamwomba radhi, kisha akamlipa ngwe za kurekebisha. Mitaro miwili iliyoshuka haikufukiwa. Ndani yake waliweka vizuizi vya udongo kila baada ya mita 5, urefu theluthi mbili ya kina, hivyo maji hukaa kwa vipande kama kwenye ngazi badala ya kukimbilia mwisho mmoja. Mwisho wa chini ulijengewa mdomo wa mawe wa kutoa ziada kwenye nyasi. Tuta lote likapandwa matete kwa pingili, sentimita 30 kati ya shina na shina, ambayo sasa ni chakula cha mbuzi.

Gata lilifungwa upande wa pili wa paa. Mvua ya milimita 200 iliyokuwa ikileta lita 4,800 inaleta 9,600, kwa kuhesabu kwamba asilimia 80 ya mvua ya paa inafika tangini. Bomba la kumwaga maji ya kwanza, lita 30 hadi 60 zenye vumbi na kinyesi cha ndege, limewekwa kabla ya tangi.

Machi walipokea mtu mmoja, kijana wa stashahada, kwa wiki nane za masika, kupanda miche ya lukina na matete, na kuchimba mstari wa nne nyuma ya mzee anayelipwa. Barua aliyotumiwa ilikuwa nusu ukurasa: maji ni lita 20 kwa siku, choo ni kikavu chenye sehemu ya kunawia, jikoni ni zamu, Jumapili ni yako, raia wa kigeni asije kufanya kazi bila kibali. Aliuliza swali moja tu kabla ya kuja, kama simu zinachajiwa wapi. Zinachajiwa dukani, kilomita moja chini.